Chaneli Ipi Ikae Sebuleni Kwako

Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe harusini, msibani au ndani ya daladala, ni hili: "Ninunue king'amuzi gani?" Anayeuliza ameshasikia ofa redioni, bei ya kifurushi anaijua, na jirani yake ameshampa ushauri. Mimi humrudishia swali: nyumbani kwenu mnaangalia nini, na anayeangalia ni nani? Wengi husita hapo. Wanachokilipia kila mwezi wanakijua vizuri, ila hawajawahi kukaa chini wakahesabu wanachokitazama.

Kazi yangu ni kupanga ratiba za vipindi: kipi kiende hewani saa ngapi, kipi kirudiwe, kipi kitolewe. Kazi hii humfanya mtu aione chaneli kwa ndani, na imenipa kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine. Chaneli ya kuipenda ipimwe kwa kile inachotengeneza yenyewe. Kilichonunuliwa na kituo kimoja mwaka huu, mwakani kitanunuliwa na kituo kingine chenye fedha zaidi, nawe utabaki na king'amuzi kisicho na kile kilichokufanya ukinunue.

Zamani hapakuwa na haja ya kipimo, maana hapakuwa na cha kuchagua. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara haikuwa na kituo hata kimoja. Bara ilisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ikaja baadaye. Kenya walitangulia, tangu 1962, lakini hata huko mtazamaji alikuwa na kituo kimoja tu cha serikali hadi KTN ilipoingia mwaka 1990. Uliwasha televisheni ukaangalia kilichokuwepo, na kilipokwisha ukazima ukalala.

Uchache ule ulitokana kwa sehemu kubwa na mitambo. Katika mfumo wa analojia kila kituo kilihitaji masafa yake, mtambo wake na mnara wake. Ukitaka uonekane Mwanza, ujenge Mwanza. Ukitaka Mbeya, ujenge Mbeya, tena ulipie umeme wa huko na fundi wa huko. Waliomudu walihesabika kwa vidole.

Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikaanza kuzima mitambo ya analojia. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 ulikuwa umeweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa mfumo huo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuanza safari hiyo. Wengi wanakumbuka foleni za kununua ving'amuzi. Wachache walielezwa kilichotokea angani. Masafa yaliyokuwa yakibeba kituo kimoja yakaanza kubeba kumi na zaidi, kwa sababu katika dijitali picha hubanwa kabla ya kurushwa. Mtambo hautumi kila nukta ya kila picha. Hutuma zaidi kile kilichobadilika tangu picha iliyotangulia. Msomaji wa habari akiwa mezani, ukuta ulio nyuma yake umetulia, kwa hiyo haudai nafasi. Uwanja wa mpira ni shughuli nyingine kabisa: wachezaji ishirini na wawili wanakimbia, kamera inahama, mashabiki wanarukaruka, kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo utakapoitambua chaneli iliyobanwa kupita kiasi. Subiri kipa apige mpira mrefu, kamera iufuate, halafu zitazame nyasi. Zikibaki nyasi, chaneli hiyo imelipia nafasi ya kutosha. Zikigeuka vipande vya mraba vya kijani vinavyotetemeka, ujue mwenye chaneli amebana matumizi, na hakuna fundi wa dishi atakayekusaidia, hata akipanda juu ya bati mara kumi.

Jambo kubwa zaidi lililoletwa na dijitali ni kwamba anayetaka kuanzisha chaneli leo hajengi minara. Anakodi nafasi kwa kampuni yenye leseni ya kusambaza matangazo, na siku hiyohiyo anaonekana mikoa mingi. Ugumu uliokuwa kwenye vyuma umehamia kwenye vipindi. Wiki ina saa 168, na zote zinadai kujazwa. Ukibonyeza rimoti jioni ukakuta chaneli sita mfululizo zinapiga nyimbo zilezile, sababu ni hiyo. Muziki hujaza saa bila kuajiri mwandishi wa mswada, mwigizaji wala dereva wa kupeleka kamera porini.

Ratiba ya kituo cha kawaida huanza na kipindi cha asubuhi, ambacho ni watu wawili au watatu kwenye viti, magazeti ya siku na mgeni mmoja. Ni kipindi cha bei nafuu, na kikipata watangazaji wazuri kinapendwa sana. Kuanzia saa nne mpaka alasiri huwa ni marudio, kwa kuwa watu wa matangazo ya biashara hawalipi fedha nyingi kwa saa hizo. Jioni tamthilia, kisha habari, kisha mjadala au tamthilia nyingine. Baada ya saa tano usiku marudio yanarudi. Ukitaka kuujua uwezo wa kituo, usikiangalie saa mbili usiku peke yake, maana saa hiyo kila kituo kimevaa nguo ya Idi. Kiangalie saa nane mchana siku ya Jumatano. Ukikuta kitu kipya kilichotengenezwa nyumbani, hata kama ni kipindi kidogo cha mapishi au cha kilimo, ujue kuna watu wanafanya kazi mle ndani.

Tamthilia ndizo zinazofunga watu kwenye chaneli kuliko kitu kingine chochote, ukiacha mpira. Zimetujia kwa mawimbi: za Mexico, Isidingo ya Afrika Kusini, za Ufilipino, za India, za China, za Uturuki. Wimbi la China nalikumbuka kwa namna ya pekee. Mwaka 2011 TBC ilionyesha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kisa chenyewe ni mke mchanga na wakwe zake, jambo ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Tanga au wa Tabora. Siri ilikuwa kwenye sauti. Mama aliyekuwa anakata mchicha alielewa kila neno bila kuinua macho kusoma maandishi chini ya kioo.

Kuingiza sauti ni kazi ya ufundi, na mtazamaji ana haki ya kuidai iwe nzuri. Mtafsiri anapewa sentensi ya Kichina au ya Kituruki inayochukua sekunde mbili mdomoni mwa mwigizaji, naye lazima apate maneno ya Kiswahili yanayoanza mdomo unapofunguka na kuisha unapofumba. Akitafsiri kila neno, sauti itaendelea wakati mdomo umeshafungwa. Akikata hovyo, maana inapotea. Mwaka 2016 StarTimes waliendesha shindano la sauti nchini Tanzania na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Kabla ya hapo mitaani tulikuwa na Lufufu, na Kenya wana DJ Afro, watu waliosimulia filamu za kigeni kwa sauti moja inayobeba wahusika wote. Wao ndio waliothibitisha kwamba hadhira ya Kiswahili ipo na ina kiu, miaka mingi kabla makampuni hayajaona faida. Kwa hiyo unapolinganisha chaneli mbili za tamthilia zilizotafsiriwa, fumba macho dakika tano usikilize. Kama mzee wa miaka sabini na binti wa miaka kumi na minane wanasikika kama watu wa rika moja, kazi ilifanywa kwa haraka.

Hata hivyo tamthilia iliyonunuliwa inabaki kuwa ya kununuliwa, na kipimo changu kinapata nguvu kwenye zile za nyumbani. Citizen TV ya Kenya ilijijengea jina kwa Papa Shirandula, Inspekta Mwala, Mother-in-Law, Tahidi High na Machachari, vipindi ambavyo mtu wa Kakamega au wa Kilifi aliwaona ndani yake watu anaowafahamu, wakizungumza kama wanavyozungumza sokoni. Maisha Magic Bongo ina Huba, ambayo imewashika watazamaji wa Tanzania kwa misimu mingi. Sheria za Kenya nazo zimeliona jambo hili. Kanuni za vipindi zinavitaka vituo viwe na asilimia 40 ya vipindi vya ndani. Naunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote, na ningependa kuona ikifuatiliwa kwa ukali zaidi.

Mpaka wa kipimo changu nauona vilevile, maana watengenezaji ni watu, na watu wana miguu. Kundi lililovuma na Ze Comedy pale EATV lilihamia TBC1 na kuwa Orijino Komedi, na sebule nyingi zikahama nalo. Kilichopendwa kilikuwa Joti, Masanja, Mpoki na wenzao. Kituo kinachojua kutunza watu wake ndicho kinachostahili kuitwa chaneli ya nyumbani, na hilo utalijua kwa kuangalia sura: je, watangazaji na waigizaji wake wanadumu, au kila baada ya miezi michache kuna sura mpya?

Sasa mpira. Hapa mtazamaji anadhani anachagua, kumbe uamuzi umeshafanyika kwenye chumba cha mkutano. Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mpenzi wa Simba au Yanga hana haja ya kulinganisha chaneli mpaka mkataba huo utakapoisha: ama king'amuzi cha Azam, ama kibanda umiza. Siuoni huo kuwa ubaya. Fedha za haki za matangazo zinafika hadi kwenye klabu ndogo ambazo hazina wafadhili, na picha za ligi yetu leo ni nzuri kuliko zilivyokuwa. Ila mikataba huvunjika pia. Mwaka 2017 SuperSport ilijitoa katika kuonyesha Ligi Kuu ya Kenya, na mashabiki waliokuwa wakilipia kwa ajili ya Gor Mahia na AFC Leopards wakakosa walichokuwa wakikilipia. Kwa hiyo mpira uulipie kama mpira, kwa miezi ambayo unachezwa. Usiuruhusu ukuchagulie na mahali pa kupata habari zako.

Habari ndizo ninazotaka msomaji azichagulie chaneli kwa uangalifu kuliko vyote, kwa sababu hapo kosa lake halionekani upesi. Tanzania taarifa kuu ni ya saa 2 usiku. Kenya vituo vikubwa husoma habari za Kiswahili saa 1 na za Kiingereza saa 3, utaratibu unaompa mtazamaji nafasi ya kusikia tukio moja likisimuliwa mara mbili na watu tofauti. Chukua usiku mmoja uiangalie taarifa nzima ukiwa na kalamu. Kwenye kila habari andika mambo mawili: mwandishi alikuwa wapi, na ni nani aliyepewa nafasi ya kuzungumza.

Utashangaa ni habari ngapi zimetoka kwenye ukumbi wa hoteli. Habari ya warsha ni rahisi kuipata. Mwandaaji anawaita waandishi, gari wakati mwingine linawafuata, hotuba imeshachapwa, mgeni rasmi anakata utepe, na picha zinapatikana kwa saa moja. Bei ya mahindi Kibaigwa haina mwandaaji. Ili kuileta hewani lazima mtu aende Kibaigwa, azungumze na mkulima, azungumze na mwenye lori, apime kauli za wote wawili, arudi na picha. Chaneli inayofanya hivyo mara mbili au tatu katika kila taarifa inatumia fedha nyingi kwa ajili yako, na ndiyo ningeipa saa yangu ya usiku hata kama studio yake haina meza ya kioo inayowaka taa.

Majanga huonyesha jambo hili bila kuficha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifukia sehemu ya mji wa Katesh mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika siku kama ile kituo chenye mwandishi anayeishi Babati au Singida kinafika mapema, kinajua mtaa upi uko chini ya mlima, kinajua shule ipi imegeuzwa makazi. Kituo ambacho waandishi wake wote wako Dar es Salaam kinategemea picha zilizopigwa na watu kwa simu, zinazorudiwarudiwa, na sauti ya kiongozi aliyepigiwa simu. Angalia pia maneno yanayoandikwa pembeni ya kioo. Kituo makini kikitumia picha za zamani kinaandika "picha za maktaba". Kisichoandika kinakuacha uamini kwamba mafuriko ya mwaka juzi ni ya leo asubuhi.

Wakati mwingine chaneli huondoka bila wewe kuiacha. Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV, QTV na KTN zilikaa karibu wiki tatu bila kuonekana Kenya nzima. Tanzania mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliyazuia makampuni ya setelaiti kubeba chaneli za ndani zinazopaswa kutazamwa bure, kwa maelezo kwamba leseni zao hazikuruhusu, na watu wenye ving'amuzi vya kulipia wakazikosa ITV, Channel Ten na Star TV. Aliyekuwa na antena ya kawaida juu ya paa hakuguswa. Tangu hapo huwashauri wote wanaoweza wawe na antena hiyo, hata kama dishi lipo.

Antena ina faida nyingine wakati wa masika. Madishi tuliyonayo mengi hupokea masafa ya juu sana, ambayo matone ya mvua kubwa huyanyonya, na picha inakatika mpaka wingu lipite. Matangazo ya minara ya ardhini hayasumbuliwi hivyo. Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utaona madishi yakiangalia pande mbili tofauti. Yale ya DStv yamelala zaidi, yakielekea karibu juu kabisa, kwa sababu setelaiti yake iko nyuzi 36 mashariki na jiji lenyewe liko karibu nyuzi 39. Yale ya Azam yamesimama zaidi yakitazama magharibi, kwani setelaiti yake iko nyuzi 7. Ukiwa na mwembe mkubwa au ghorofa la jirani upande wa magharibi wa nyumba, muulize fundi kabla hujalipa chochote, kwa sababu hakuna kifurushi kinachopita katikati ya ukuta.

Watoto wana hesabu yao. Katuni hujaza alasiri kwa bei nafuu, na nyingi hazikutengenezwa kwa kumfikiria mtoto wa Morogoro. Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa TBC1 Januari 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na visa vya wanyama na watoto wa kwetu. Akili and Me, ya wadogo zaidi, imetoka kwa watengenezaji haohao. Nimewaona watoto ambao hawajaanza shule wakihesabu kwa nyimbo zake. Mzazi anayechagua king'amuzi aulize kwanza vipindi hivi vinapatikana chaneli ipi na saa ngapi, kabla ya kuulizia idadi ya chaneli za katuni. Chaneli saba za katuni zinazorudia vipindi vilevile ni sawa na moja.

Idadi ndiyo inayouza vifurushi, na ndiyo isiyopaswa kukununua. Chukua karatasi, ibandike karibu na televisheni kwa wiki moja, kila mtu wa nyumba aandike kipindi alichokaa akakitazama hadi mwisho na chaneli yake. Dada wa kazi aandike, bibi aandikiwe. Kwa nyumba nyingi nilizozishauri, majina ya chaneli kwenye karatasi hayazidi matano, na mawili au matatu kati yake ni yale yanayopatikana bure. Halafu nenda dukani na karatasi hiyo, uulize kifurushi cha chini kabisa chenye majina yaliyobaki. Kama kilichobaki ni ligi peke yake, lipia miezi ya msimu, na ligi ikisimama rudi kwenye antena.